Seli za kinga zilizochoka na saratani ya ini

Mgonjwa wa saratani ya ini huambiwa mara kwa mara kwamba "kinga imeshuka", kauli ambayo mimi, kama mtaalamu wa patholojia, huiona inapotosha. Nikiweka chini ya hadubini kipande cha uvimbe wake, mara nyingi nakuta limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga, tele, viini vyake vidogo vya duara vimekolea rangi ya buluu, zimerundikana ukingoni kama watu waliofungiwa lango. Zipo, ila hazifanyi kazi.

Kisa hiki huanza kabla ya saratani yenyewe. Takriban robo tatu ya damu inayoingia ini hutoka kwenye utumbo, ikiwa imebeba virutubisho pamoja na mabaki ya bakteria, na kwa hiyo seli za kinga za humo, zikiwamo seli za Kupffer zinazokaa ndani ya mishipa yake midogo, zimezoea kuvumilia mengi. Zisingevumilia, ini lingevimba kila baada ya mlo. Virusi vya homa ya ini B hunufaika na uvumilivu huo. Mtoto aliyeambukizwa akiwa mchanga aghalabu huishi navyo kwa miongo, na seli T zake (limfosaiti zinazoua seli zilizoambukizwa au za saratani), zinazochokozwa kila siku bila kufaulu kuvimaliza, hubaki zimejaa protini ya PD-1 kwenye utando wake. Protini hiyo ni breki: ikishikana na mwenzake, PD-L1, seli T huacha kuua.

Uvimbe ukishajijenga, makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu) zinazouzunguka huonyesha PD-L1 hiyo hiyo na kuchochea mishipa mipya ya damu, huku seli T za udhibiti, zenye kazi ya kutuliza kinga, zikiongezeka. Ndiyo sababu kuunganisha dawa mbili, atezolizumab, inayozuia PD-L1, na bevacizumab, inayozuia mishipa hiyo, kulirefusha maisha ya wagonjwa kuliko sorafenib, dawa ya awali ya saratani hii, katika jaribio la IMbrave150 lililochapishwa mwaka 2020. Hata hivyo, uvimbe ulisinyaa kwa zaidi kidogo ya robo yao tu. Kwenye ini lenye mafuta mambo ni magumu zaidi, kwani katika panya wa namna hiyo seli T zenye PD-1 zilionekana kuliumiza ini lenyewe, na kuziondolea breki kuliongeza uvimbe.

Kwa hiyo siku hizi siandiki tu katika ripoti kwamba limfosaiti zipo. Naandika kama zimepenya ndani au zimeishia ukingoni.