Mistari miwili haisemi mimba imetunga wapi

Wengi huamini kwamba kipimo cha mkojo kikionyesha mistari miwili, basi mimba imekaa pake. Sivyo. Kipimo kile hunasa homoni ya mimba iitwayo hCG tu, na homoni hiyo hutoka hata mimba ikiwa imetunga kwenye mrija wa uzazi, ambako zaidi ya asilimia 90 ya mimba za nje ya kizazi hukaa.

Mahali ilipo huonekana kwa ultrasaundi, hasa ile ya kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni. Mtaalamu hutafuta kifuko cha mimba ndani ya kizazi. Asipokiona, usihitimishe kwamba imetoka. Huenda bado ni changa mno. Ndiyo maana damu hupimwa hCG, kisha hupimwa tena baada ya saa 48. Mimba changa inayokua vizuri kwa kawaida huipandisha homoni haraka. Ikipanda kwa kusuasua, shaka huongezeka. Namba peke yake haitoshi, kwa hiyo ultrasaundi nayo hurudiwa. Tafadhali, usikose tarehe ya kurudia vipimo kwa sababu tu maumivu yamepoa.

Lakini maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu, au maumivu kwenye ncha ya bega (damu iliyovujia tumboni huchokoza kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hayangoji saa 48. Mrija unaweza kuwa umepasuka. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na useme mapema kwamba una mimba au hedhi imechelewa. Mwenye dalili hizo na damu tumboni huwahishwa chumba cha upasuaji.