Ukifika kanisa la Mkunazini, angalia juu

Wageni wengi tunaowatembeza kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini, Unguja, wanakuja na soko la watumwa tu kichwani, wakishatoka kwenye vile vyumba vya chini wanapita kanisani chapchap, picha mbili, hao. Mimi huwa nawaambia jamani simameni kidogo, angalieni juu.

Ile dari haina boriti hata moja. Ni zege tupu la matumbawe yaliyopondwa na simenti ya Portland, limejengwa kwa umbo la nusu pipa toka ukuta huu mpaka ule. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe vyumba vyake ni vyembamba manake urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, sasa Askofu Edward Steere alitaka ukumbi mpana na boriti hazifiki, ndo akaja na hili wazo ambalo watu walisema litawaangukia. Mpaka leo lipo juu.

Soko lilifungwa 1873 na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Ibada ya kwanza ni Krismasi ya 1877, jengo lenyewe bado halijaisha. Steere alifariki 1882, kazikwa nyuma ya altare, na ndo huyuhuyu aliyeandika sarufi ya Kiswahili, sio mtu wa mchezo. Kuna na msalaba wa mbao, mti wake ulitoka Chitambo huko Zambia ulipozikwa moyo wa Livingstone.

Kwetu sisi wa majengo ya kale kichwa kinauma kwenye kuta. Tumbawe linanyonya maji kama sponji, likipakwa chokaa linapumua, ila fundi akija akapiga plasta ya simenti unyevu unakwama ndani, chumvi inatoka, plasta inavimba na kumeguka halafu anaitwa fundi yuleyule apige nyingine!

Ukitoka, karibu na mlango kuna nguzo fupi za marumaru. Chungulia vizuri, zingine zimesimama kichwa chini. Inasimuliwa kwamba Steere alisafiri, mafundi wakaendelea na kazi wenyewe, aliporudi akakuta zimeshajengewa. Akaziacha hivyohivyo.