Fiksi: baiskeli isiyokuacha upumzishe miguu

Ukikaa barazani Ngamiani, hapa Tanga, jioni, baiskeli utaijua kwa mlio kabla hujaiona. Tik-tik-tik-tik: mtu ameacha kupiga pedeli, kapu la samaki limefungwa kwa mpira kwenye karia, miguu imetulia, anajiachia taratibu kuelekea barabara ya nane. Tumezaliwa na mlio huo hadi hatuusikii tena. Unatoka ndani ya friwili, ile sproketi ndogo ya nyuma. Fiksi ni baiskeli iliyoondolewa friwili, na mengine yote yanayosemwa juu yake, kuanzia mbio za mitaani hadi ubishi wa breki, yanaanzia hapo.

Ndani ya friwili mna vikomeo vidogo vinavyosukumwa na springi. Ukikanyaga kwenda mbele, vinang'ata meno ya ndani na gurudumu linavutwa. Ukiacha kukanyaga, vinarukaruka juu ya meno hayo, ndiyo tik-tik yenyewe, na gurudumu linaendelea na safari yake bila wewe. Kwenye fiksi sproketi imekazwa moja kwa moja kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Gurudumu likizunguka, cheni inazunguka, kranki, ile mikono inayoshika pedeli, zinazunguka, na miguu yako nayo. Kwenye mteremko hupumziki, unakimbizwa. Ukikanyaga kinyumenyume, baiskeli inarudi nyuma kweli. Ukitaka kupunguza mwendo, unaikaza miguu kuzipinga pedeli zinazokuja.

Wengi hapa Tanga hukosea jambo moja, nami nilikosea. Mtu akisikia baiskeli ya gia moja anasema, ah, si Phoenix tu hiyo? Phoenix ina gia moja, sawa, lakini ina friwili, kwa hiyo si fiksi. Unaweza kutoka Raskazone hadi mjini juu ya Phoenix ukiwa umetuliza miguu nusu ya njia. Kwenye fiksi huipati hata nusu dakika.

Ujana ulinidanganya kwamba kuna njia ya mkato: kuchomelea friwili ili vikomeo visicheze, nipate fiksi kwa bei ya soda mbili. Fundi mmoja mzee karibu na soko la Mgandini aliigeuza friwili yangu mkononi, akaniambia, "Mwanangu, kwenda utakwenda. Kusimama je?" Sikumwelewa. Nikamuaga, nikaondoka, nikamtafuta fundi wa kuchomelea asiyeuliza maswali.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Habu ya kawaida ina hesi moja, yaani mikato ya kukazia kama ya skrubu, na friwili hujikaza humo kila unapokanyaga mbele. Ukiipinga kwa miguu, unaifungua kama kifuniko cha chupa. Habu ya fiksi halisi ina hesi mbili: moja ya sproketi, na nyingine nyembamba zaidi, iliyokatwa kinyume, ya ringi ya kufungia. Sproketi ikianza kufunguka inaisukuma ringi, na ringi kwa kuwa hesi yake ni ya kinyume inazidi kukaza. Mimi ringi sikuwa nayo. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa kushuka bandarini, niliikaza miguu, sproketi ikafunguka, na pedeli zikawa kitu kisicho na kazi. Kilichoniokoa ni zile breki za fito za Phoenix ambazo nilishapanga kuziondoa ili baiskeli ipendeze.

Sasa kwa nini mtu aitake baiskeli ya namna hii? Kwanza, zamani zote zilikuwa hivi. John Kemp Starley alipotoa Rover yake Uingereza mwaka 1885, yenye magurudumu mawili karibu sawa na cheni ya kuvuta gurudumu la nyuma, miguu ilikuwa haina ruhusa ya kusimama. Friwili ilianza kuenea mwishoni mwa karne ile. Hata baada ya hapo waandaaji wa mashindano waliona kubadilisha gia ni uvivu: Tour de France ilianza mwaka 1903, na mashine za kuhamisha cheni hazikuruhusiwa hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo mtu alifika chini ya mlima, akashuka, akaligeuza gurudumu la nyuma lenye sproketi ya ukubwa mwingine upande wa pili, akapanda.

Mahali ambapo fiksi haikuondoka ni velodromu, uwanja wa mbio za baiskeli uliojengwa kama bakuli refu. Mzunguko wa mashindano makubwa ni mita 250, na kwenye kona njia inainuka zaidi ya nyuzi 40, karibu kama ukuta. Baiskeli za humo hazina breki hata moja. Ukimweleza hivyo mtu wa hapa anatikisa kichwa, lakini fikiri kidogo. Watu wanafuatana wakiwa wameachana shibiri moja, kwa mwendo wa gari. Mmoja akiwa na breki akaishika ghafla, wote wa nyuma wameanguka. Asiye na breki wala friwili hawezi kusimama ghafla, na aliye nyuma yake anaweza kuisoma miguu yake. Ndani ya bakuli lile, kukosa breki ndio usalama wenyewe. Huko ndiko Filippo Ganna wa Italia aliendesha kilomita 56.792 kwa saa moja mwezi Oktoba 2022, juu ya gia moja, bila kutuliza miguu. Ni kama kutoka Tanga kwenda Pangani na kubakiwa na dakika.

Huko pia ndiko ilikolelewa keirin. Ilianza Kokura, Japani, mwaka 1948, kama mchezo wa kamari kwa idhini ya serikali. Wakimbiaji humfuata kiongozi anayepandisha mwendo polepole, akijitoa ndipo kila mmoja anachomoka kwa kasi yake yote. Iliingia Olimpiki kwenye michezo ya Sydney mwaka 2000. Fremu za chuma za keirin, nyembamba na zisizo na kikorokoro, ndizo vijana wa miji mingi walizipenda baadaye hata kama hawajawahi kuukanyaga uwanja wenyewe.

Kutoka uwanjani hadi barabarani fiksi ilibebwa na matarishi wa baiskeli, wale wanaopeleka barua na vifurushi katika miji kama New York. Kwao ilikuwa hesabu ya mfuko: hakuna nyaya, hakuna gia za kurekebishwa, cha kuharibika ni kidogo. Na mwizi akiirukia bila kujua, pedeli zenyewe zitamkamata. (Hili la mwizi hupenda kusimuliwa na kila mwenye fiksi. Lichukue na chumvi yake.)

Ujuzi ambao wenye fiksi wanauonea fahari ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kusimama papo hapo kwenye taa bila kushusha mguu, ukiipeleka baiskeli mbele inchi mbili na kuirudisha inchi mbili. Wa pili ni kuburuza: unahamishia uzito mbele ili gurudumu la nyuma liwe jepesi, unazifunga kranki zikiwa zimelala, na tairi inaserereka.

Hapo kuna hesabu tamu ambayo hata wenye fiksi wengi hawaijui. Chukua meno 48 mbele na 16 nyuma. Pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu kamili, na kwa tairi yenye mzingo wa mita 2.1 umesogea mita 6.3. Piga mizunguko 90 kwa dakika, unakwenda kama kilomita 34 kwa saa. Vizuri. Lakini kwa kuwa ni tatu kamili, kila unapozifunga kranki katika mkao uleule, tairi inagusa lami mahali palepale. Unaburuza leo, unaburuza kesho, doa ni moja, na baada ya muda si mrefu unaiona tyubu. Ongeza jino moja tu mbele, ziwe 49 kwa 16. Sasa 49 haigawanyiki vizuri kwa 16, na madoa yanakuwa 16 kuizunguka tairi. Jino moja limekuongezea maisha ya tairi mara kumi na sita. Kanuni yake ni kuyaandika meno ya mbele juu ya meno ya nyuma kama sehemu, kisha kuifupisha mpaka mwisho: namba ya chini inayobaki ndiyo idadi ya madoa. 44 kwa 16 ni 11 kwa 4, basi madoa manne.

Matarishi walipoanza kushindana wenyewe kwa wenyewe zikazaliwa alikati, mbio za mitaani zisizo na kibali. Hutajwa kwamba za kwanza kuitwa hivyo zilifanyika Toronto, Kanada, mwaka 1989, na mwaka 1993 matarishi wa dunia wakakutana Berlin kwa mashindano yao ya kwanza. Ili kuzielewa, zilete hapa. Mnakusanyika Uhuru Park. Kila mmoja anapewa karatasi yenye vituo: Mgandini, Mkwakwani, bustani ya Jamhuri, Raskazone, Chumbageni. Upange mwenyewe uanze na kipi. Kila kituo kuna mtu wa kukusainia, pengine akupe kazi kwanza, ununue embe, ubebe mzigo, utegue kitendawili. Njia hazikufungwa, bajaji, bodaboda na mikokoteni wako humo humo. Anayeshinda mara nyingi si mwenye mapaja makubwa. Ni yule anayejua saa ngapi Mgandini hapapitiki, anayejua kuvuka reli pasipo na msongamano, na anayezijua barabara za Ngamiani kwa namba zake kama anavyowajua ndugu zake. Tarishi analipwa kwa ujuzi huohuo. Na mbio nyingi za aina hii zina zawadi ya wa mwisho, kitu ambacho nakipenda kuliko zawadi ya wa kwanza.

Tusipambe, lakini. Mbio zilizo katikati ya magari zimeua. Mwezi Februari 2008, mjini Chicago, mshiriki mmoja aliingia makutano taa zikiwa nyekundu, akagongwa na gari, akafariki.

Mwaka huohuo, Brooklyn huko New York, David Trimble alianzisha mbio zilizochukua njia nyingine. Red Hook Crit nazo zilikuwa za fiksi bila breki, ila watu walizunguka njia fupi moja tena na tena, usiku. Zilianza bila makuu, zikakua zikawa na uzio, saa za kielektroni na wadhamini, zikafika Milan, Barcelona na London. Hazikuendelea baada ya mwaka 2018. Humo kona ndiyo mtihani: mwenye friwili hulaza baiskeli akiwa ameinua pedeli ya ndani, wa fiksi hana chaguo, pedeli itashuka tu. Ndiyo maana baiskeli za uwanjani hujengwa kranki zikiwa juu kidogo kutoka ardhini, na hata hivyo pedeli ikigusa lami kwenye kona, mtu amekwenda chini na wa nyuma yake.

Swali la breki basi. Uwanjani nimeshakubali, hata kwenye njia iliyofungwa naweza kubishana nikakubali. Barabara ya watu wote, hapana. Ukipunguza mwendo, uzito mwingi unahamia mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi; kuburuza kunapendeza lakini kunasimamisha polepole. Uingereza, kanuni za mwaka 1983 zinadai baiskeli iwe na mifumo miwili ya breki: gia ya fiksi inahesabiwa kuwa mmoja, breki ya mbele ni lazima. Mwaka 2016 kijana asiye na breki hiyo alimgonga mwanamke London, na mwanamke huyo akafariki. Mwaka uliofuata kijana alihukumiwa miezi 18, kwa sheria ya mwaka 1861 iliyotungwa enzi za magari ya farasi.

Kwetu kuna hatari nyingine ambayo huko hawaifikirii. Tanga kina mama na dada zetu wanaendesha baiskeli kila siku, kwa baibui, dera na kanga. Pindo likiingia kwenye cheni yenye friwili, unaacha kupiga pedeli na cheni inatulia. Kwenye fiksi cheni haitulii mpaka gurudumu litulie, itaendelea kulivuta pindo, nawe pamoja nalo. Kipande cha bati cha kufunika cheni, ambacho wenye fiksi hukiona ni ushamba, ndicho cha kwanza kufungwa hapa. Vidole vilevile: usifute cheni ya fiksi kwa kitambaa huku gurudumu likizunguka.

Anayetaka kuonja aanze na habu ya pande mbili, friwili upande mmoja na sproketi iliyokazwa, pamoja na ringi yake, upande wa pili. Breki ya mbele ibaki. Mji wetu ni tambarare, asubuhi ya Jumapili njia ya Raskazone haina fujo, na kosa la kwanza utalifanya pale unaposahau na kutaka kutuliza miguu: pedeli itakuinua kutoka kwenye kiti. Ukichoka, legeza nati mbili, geuza gurudumu, rudi nyumbani na tik-tik yako.