Simu, wazee na vijana visiwani: yanayosemwa na yaliyopo

Husemwa sana Unguja na Pemba kwamba simu ndiyo iliyovunja udugu, kana kwamba hapo kale jamaa walijuana hali bila ya chombo chochote. Ukweli ni kwamba Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na kwa miaka mingi watu wa visiwani wamepata habari za misiba kupitia matangazo ya vifo ya redio, ambayo humtaja marehemu, jamaa zake, na mahali na saa ya maziko, ili aliye Wete ajue kama atawahi. Kilichobadilika ni zamu ya kupashana habari. Zamani wakubwa wa ukoo ndio walioamua nani aambiwe kwanza na kwa maneno gani. Leo kijana mmoja huitia taarifa katika grupu la WhatsApp, na mtoto wa marehemu aliyeko Muscat akaisoma kabla ami yake hajampigia. Hilo ni kosa la adabu, na adabu hufundishwa.

Dhana ya pili ni kuwa wazee hawaiwezi simu. Wengi wao hawakushindwa na simu, walishindwa na maandishi: aliyesoma chuoni tu, yaani madrasa, huzijua herufi za Kiarabu, na ujumbe wa herufi za Kirumi alilazimika kusomewa na mjukuu, hata ukiwa na siri ndani yake. WhatsApp ilipoleta ujumbe wa sauti mwaka 2013, kizuizi hicho kiliondoka. Bibi wa Micheweni sasa hukibonyeza kitufe mwenyewe, akaanza kama zilivyoanza barua: "Assalaam alaykum mwanangu, sisi hapa hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali," na shida yenyewe huja dakika ya pili. Mjukuu aliyezaliwa Dar es Salaam humsikiliza, na asipolifahamu neno la Kipemba hurudia tena.

Kwamba vijana peke yao ndio waliozama katika simu, atakayepita barazani baada ya Alasiri atajionea mwenyewe kuwa si kweli. Wanaosambaza kwa simu habari za dawa za uongo mara nyingi ni watu wazima, na wanaowasahihisha, kwa haya, ni watoto wao.

Dhana yenye madhara zaidi huonekana ya upole: kwamba mjukuu kuijua namba ya siri ya babu hapana ubaya, kwa kuwa ni wa nyumbani. Fedha ikitumwa na mtoto aliye mbali, mjukuu huiona kwanza, na babu hujua kiasi atakachoambiwa. Hata kama hakuna kilichochukuliwa, shaka huingia baina ya watu watatu wanaopendana. Mzee anayekumbuka hesabu ya pishi za karafuu za msimu uliopita hashindwi na tarakimu nne. Afundishwe taratibu kuziweka mwenyewe, na mtumaji ampigie kumtajia kiasi kabla mtu hajatumwa kwa wakala.