Kumfungia ndani si kumtibu: uraibu na matibabu yake mitaani Kampala

Familia nyingi zinazonijia huku Mutungo na Kitintale huanza kwa kuniita musawo, yaani mhudumu wa afya kwa Kiganda, kisha swali moja: "Musawo, tumfungie wapi?" Hawaulizi atibiwe wapi. Baba ameshapata chumba kijijini Masaka, au mjomba amesikia kuna nyumba Wakiso inayopokea vijana kwa miezi mitatu, na wanachotaka kwangu ni baraka tu ya safari. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu vipeperushi vyetu vingi viko kwa Kiingereza na Kiganda, na familia za askari wa Mbuya pamoja na jirani zetu waliotoka Kongo hubaki kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Mtu akifungiwa, kilevi humtoka mwilini, basi. Ugonjwa unabaki pale pale. Na kwa pombe na heroini, kumfungia mtu bila dawa na bila mpango wa baadaye kunaweza kumuua.

Nianze na pombe. Waragi, ile pombe kali ya Uganda, ya pakiti ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini chupa ndogo ya mililita 200 ipo kila kioski, na ile ya kienyeji inauzwa kutoka kwenye jerikeni. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo wake hujikaza muda wote kushindana na kile kinachoutuliza. Pombe ikikatwa ghafla, ule mkazo unabaki peke yake bila kizuizi. Ndani ya saa chache mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, anatapika. Degedege huweza kumpiga wakati wowote katika siku mbili za kwanza, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa, wanapata homa na kuona vitu visivyokuwepo. Hapo mtu anakufa asipotibiwa.

Mama mmoja aliniletea mwanawe akiwa siku ya tatu. Alikuwa amemfungia chumbani na jagi la maji, na kanisani walikuwa wanamwombea zamu kwa zamu. Shati la kijana limeloa, macho yanaruka huku na huku, na vidole vinaokota kitu juu ya shuka, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele. Mama akasema, "Musawo, mapepo yanamtoka." Nikamwambia, "Mama, maombi endeleeni nayo, lakini hii ni pombe iliyokatwa ghafla, na dawa yake ipo." Ilikuwa ni diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa vipimo vya kushuka polepole, thiamini ya sindano, maji, na mtu wa kukaa naye usiku kucha. Baada ya siku kadhaa alikuwa anakula na anamtambua mama yake.

Hiyo thiamini, yaani vitamini B1, naisisitiza. Ndugu wengi hukimbilia zahanati ya mtaani wakaomba dripu ya glukosi ili mgonjwa apate nguvu. Mlevi ambaye hajala vizuri kwa miezi akipewa glukosi kabla ya thiamini, ubongo wake unaweza kuumia na kumbukumbu isirudi tena. Mwambieni anayemtibu kwamba huyu ni mnywaji. Msifiche kwa aibu. Na tafadhali, msimwekee mtu disulfiramu, ile dawa inayomfanya anywaye pombe augue, kwa siri kwenye chai. Nimeliona hilo likifanywa na wake waliochoka, na ninauelewa uchovu wao, lakini mtu akiimeza bila kujua kisha akanywa waragi, shinikizo la damu linaweza kuporomoka na moyo ukashindwa.

Heroini ina hatari ya namna nyingine. Arosto yake, yaani mateso ya mwili unapoikosa, ni kali: mifupa inauma, tumbo linaharisha, pua inatiririka, hakuna usingizi. Kwa kijana mwenye afya mara chache huua. Kinachoua ni kurudi. Mwili uliozoea kiasi kikubwa hupoteza mazoea hayo ndani ya wiki chache tu. Kijana anatoka kwenye nyumba ya Wakiso, au anatoka rumande Luzira, anaonekana amenenepa na ngozi imerudi, familia inachinja kuku. Wiki hiyohiyo anakutana na rafiki wa zamani, anatumia kipimo chake cha zamani, na pumzi inakata. Ndiyo maana napinga kwa moyo wote dhana kwamba siku tisini za kufungiwa ni tiba ya heroini. Zikimalizika bila dawa na bila mtu wa kumfuatilia, mmemrudisha mtaani akiwa dhaifu kuliko alivyoondoka.

Tiba iliyothibitishwa ipo, nayo haiko mbali nasi. Mwaka 2020 Hospitali ya Taifa ya Butabika, ile ya magonjwa ya akili, ilifungua kliniki ya kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni na buprenofini, dawa zinazoshika nafasi ya heroini mwilini na kuzuia arosto. Jirani zetu walitangulia. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa methadoni mwaka 2011. Methadoni Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2005.

Najua pingamizi, nalisikia kila wiki: "Si mnambadilishia unga, yaani heroini, kwa unga mwingine?" Hapana. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka, ndiyo maana mtu anaihitaji mara tatu au nne kwa siku, na kila mara lazima atafute pesa, aibe au ajiuze. Methadoni ya kunywa hupanda taratibu na hukaa mwilini zaidi ya saa 24. Kipimo kikishakaa sawa, mtu halewi, na arosto haimpati. Anaweza kuendesha boda boda, kuuza chapati, kulala na kuamka kama watu. Sindano za kuchangia hupungua sana, na pamoja nazo hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Kazi yenyewe kwenye dirisha la kutolea methadoni hufanyika hivi. Mgonjwa anatajwa jina, kipimo chake kinasomwa, anapewa kikombe kidogo cha dawa ya maji. Anakunywa mbele ya muuguzi, anakunywa maji juu yake, kisha lazima aseme kitu, hata salamu tu, ili ijulikane amemeza. Kesho anarudi. Tunaanza na miligramu 20 hadi 30 na kupanda polepole, kwa sababu dawa hujilimbikiza na wiki mbili za kwanza ndizo za hatari; wengi hutulia kati ya 60 na 120. Asiyekuja siku tatu mfululizo haruhusiwi kunywa kipimo kilekile bila kupimwa upya. Anayechanganya na waragi au vidonge vya usingizi anajiua, na hili tunalisema bila kulainisha maneno. Kwa mtu wa Kitintale, nauli ya kila siku inavumilika. Kwa anayetoka Bwaise au Entebbe ndiyo kikwazo kikubwa kuliko vyote, na naomba siku moja vituo vya afya vya mitaani viruhusiwe kugawa dawa hii.

Kwa bangi, mairungi (miraa) na yale mafuta ya ndege za kuruka ambayo watoto wa mitaani huvuta kwenye kitambaa, hakuna dawa ya kubadilisha. Kuna ushauri nasaha wa kukutana mara kwa mara, na kuna kutibu kile kilicho chini yake: sauti anazosikia, huzuni, njaa, nyumba aliyoikimbia.

Kikwazo kingine ni jina. Huku kwetu kumwambia mtu "nenda Butabika" ni tusi, kwa hiyo familia inayokaa dakika chache kutoka getini hulipa mamilioni kumpeleka mtoto mbali ili majirani wasijue. Zipo nyumba binafsi nzuri. Kabla hamjalipa, ulizeni: nani ana leseni ya kutoa dawa hapa? Usiku kuna muuguzi? Akipata degedege mnafanyaje? Je, wagonjwa hufungwa minyororo au kuchapwa? Akitoka, nani atamwona kila wiki? Wasipoweza kujibu, ondokeni na pesa yenu.

Polisi nao hawatibu. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2023 kwa kukosa akidi bungeni, kisha Bunge likapitisha nyingine mwaka huohuo. Adhabu ni kali, na mzazi aliyemripoti mwanawe ili "atishwe kidogo" huenda asiweze kumtoa tena.

Mkija kliniki, njooni asubuhi na mtu mmoja ambaye mgonjwa mwenyewe anamwamini, hata kama si mzazi. Leteni dawa zote anazotumia, pamoja na za kifua kikuu, kwa sababu rifampisini hupunguza methadoni mwilini na arosto hurudi tukidhani anadanganya. Kama amekunywa pombe leo, mwacheni aje hivyohivyo. Msimzuie tangu jana ili aonekane msafi mbele yetu.