Karata Haina Kumbukumbu, Jasho Si Mafuta

Jioni moja ya Februari, kwenye njia ya ufukweni ya Mama Ngina hapa Mombasa, upande wa mibuyu, nilimwona kijana akikimbia na jaketi la mvua juu ya fulana nzito, tumboni kajizungushia nailoni. Jua lilikuwa bado kali na upepo wa bahari umetulia. Alipomaliza alimwendea mwenye mizani aliyekaa kando ya njia, akatoa sarafu, akapanda, akashuka na furaha yote usoni.

"Kilo na nusu, ami! Leo leo!"

Nilimpa chupa yangu ya maji. Ile kilo na nusu ilikuwa maji, na mwili wake ulikuwa unayadai.

Mimi ni mchezaji wa poka. Nimekaa mezani miaka mingi, na kitu kinachoniuma zaidi ya kupoteza ni kuona watu wakidanganywa na kile kilichotokea mbele ya macho yao usiku huo huo. Mezani ni karata ya mwisho. Mama Ngina ni mshale wa mizani. Maneno ninayoyasikia pande zote mbili yanafanana mno, ndiyo maana nayaandika pamoja.

"Jasho ni mafuta yanayeyuka"

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukitoka jasho lita moja umepungua kilo, na ukinywa imerudi. Mafuta yana hesabu nyingine. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700, na mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi saa nzima hutumia kama kalori 300. Gawanya: ni saa 25 na ushei za kutembea kwa kilo moja, chakula kikibaki kile kile. Hakuna jioni moja inayoweza kufanya kazi hiyo, uvae jaketi au usivae.

Tena kwetu pwani jasho linadanganya zaidi kuliko bara. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, na miezi ya Januari hadi Machi joto nalo huzidi, kwa hiyo jasho halikauki, latiririka tu mpaka kwenye viatu. Kulowa chapachapa ni habari ya hewa kuliko habari ya kazi uliyofanya. Anayejifunga nailoni anaziba hata ule upenyo mdogo uliobaki. Joto la ndani linapanda, moyo unakwenda mbio, na kiharusi cha joto kinaua. Hili silisemi kwa mzaha. Ukimwona mwenzako kavaa hivyo, mzuie.

"Poka ni ile kadi ya mtaani"

Ukisema hapa kwamba unacheza poka, wengi wataelewa kadi: ile ya kutupa karata inayolingana kwa namba au kwa aina, 2 na 3 zinamfanya anayefuata aokote, J inamruka mtu, K inarudisha mchezo nyuma, 8 na Q ni swali lenye kutaka jibu, na ukikaribia kumaliza lazima useme "niko kadi". Ni mchezo mzuri, nimekua nao. Lakini poka ya Texas, inayochezwa kwenye mashindano makubwa, ni kitu kingine. Kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa katikati kwa wote: tatu pamoja, halafu moja, halafu moja. Kuna nafasi nne za kuweka dau. Anashinda mwenye karata tano bora, au yule aliyebaki peke yake baada ya wengine wote kutupa zao na kujitoa.

Na wapo wanaosema karata ni ugeni wa juzi ulioletwa na kasino. Wasikilizeni wazee barazani Mji wa Kale. Wanasema shupaza, kopa, uru na pao. Hayo ni espadas, copas, ouros na paus ya Wareno, wale wale walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Hata neno turufu, hata neno karata lenyewe, yametoka kwao. Mimi huyapenda maneno haya, na huona huzuni vijana wanapoyaacha yapotee.

"Ni bahati tu"

Hapa nitakaa kidogo.

Usiku mmoja nilipewa ree mbili, yaani A mbili, ndiyo jozi bora kuliko zote kuanza nayo. Huja mara moja katika mikono 221, kwa wastani (mkono ni mgawo mmoja wa karata). Mwenzangu alikuwa na wafalme wawili. Sote tukasukuma kila kitu katikati. Karata nne zikafunuliwa, bado naongoza. Ya tano ikawa mfalme wa kopa: yeye sasa wafalme watatu, mimi ree mbili tu. Nakumbuka jinsi mgawaji alivyoilaza taratibu, kana kwamba naye hakutaka.

Mzee mmoja aliyekuwa akitazama akaniambia, "Mwanangu, kiti hicho kina nuksi. Hama."

Alinitakia mema. Lakini kiti hakikuwa na neno. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili hushinda kama mara 82 katika 100. Maana yake hupoteza kama mara 18, na zile 18 lazima zimwangukie mtu siku fulani. Siku hiyo ziliniangukia mimi. Nilifanya uamuzi sahihi, nikapata matokeo mabaya, na haya mawili ndiyo watu huyachanganya kila siku.

Karata zikichanganywa vizuri hazikumbuki chochote. Namna ambazo karata 52 zinaweza kupangika ni namba yenye tarakimu 68, na hakuna hata mpangilio mmoja kati ya hizo unaojua kwamba umepoteza mara tano mfululizo. "Sasa ni zamu yangu" ndiyo sentensi iliyowamaliza watu wengi kuliko karata mbaya zenyewe. Atakayekwambia kwamba hakika itakuja nyekundu kwa kuwa nyeusi zimekuja mara sita, mshike mkono mtoke naye nje.

Basi bahati ipo au haipo? Ipo, na kwa usiku mmoja inatawala. Ndiyo maana mgeni kabisa anaweza kumvua bingwa akaondoka anacheka. Mwaka 2003 mhasibu wa Marekani, Chris Moneymaker, aliyepata nafasi yake kupitia mchezo wa bei ndogo kwenye intaneti, alishinda shindano kuu la dunia kule Las Vegas na kuchukua dola milioni 2.5. Hadithi hiyo husimuliwa kama ushahidi kwamba yeyote anaweza. Walioingia mwaka ule walikuwa 839. Hesabu na wale 838.

Ustadi huonekana polepole, katika maelfu ya mikono, kama maji yanavyokula mwamba wa matumbawe. Ndiyo maana nina daftari. Naandika tarehe, saa niliyokaa, nilipoingia na nilipotoka, na nililala saa ngapi usiku uliotangulia. Asiye na daftari hajui kama anashinda. Anakumbuka tu siku za sikukuu.

Nalo hili lazima liandikwe waziwazi: wanaocheza poka kwa pesa, ukiwajumlisha wote, wanapoteza. Meza hukata chake katika pesa za katikati, kwa hiyo kinachotoka ni kidogo kuliko kilichoingia. Wachache wanaobaki na faida wanaipata kwa wenzao. Anayecheza kwa pesa ya kodi ya nyumba au ya kukopa ameshapoteza kabla karata hazijagawiwa. Na ambaye imani yake imemkataza kamari, asishawishiwe na mtu; karata za barazani bila dau zina utamu wake kamili, na akili inayotumika ni ile ile.

"Siri iko usoni"

Filamu ndizo zilizoleta hili. Watu hudhani ninakaa nikichungulia kope za wenzangu. Mwaka 2017, Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus ilicheza mikono 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, mmoja mmoja, kwa siku 20, ikawashinda. Haina macho ya kusomea uso wala uso wa kuficha. Ilishinda kwa hesabu na kwa kutotabirika. Na hao wanaodhani poka ni kudanganya mfululizo wangechoka kunitazama: mezani tukiwa tisa, mikono mingi naitupa tu, robo tatu na zaidi. Ninangoja.

"Anayejua mpira atapata kwenye mkeka"

Najua vijana Kongowea wanaoweza kukutajia kikosi cha timu ya daraja la pili Uingereza, beki wa akiba na yote. Kila Jumatatu mkeka wao, yaani orodha ya mechi walizobashiri kwa pesa, umechanika. Wanajilaumu kwamba hawakusoma mechi vizuri.

Tatizo liko kwenye bei. Chukua mechi iliyo kama shilingi ya kurusha juu, nafasi nusu kwa nusu. Bei ya haki ingekuwa 2.00, yaani ukiweka shilingi moja ulipwe mbili; wewe unapewa 1.90. Inaonekana ni senti tu. Sasa panga mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja wa shilingi 100. Ukipata, unalipwa kama shilingi 61,300, na macho yanang'aa. Lakini nafasi ya kupata zote kumi ni moja katika 1,024. Piga hesabu: mkeka ulioununua kwa 100 una thamani ya shilingi 60. Kila mechi unayoongeza inakata tena, na kadiri mkeka unavyokuwa mrefu ndivyo unavyopendeza zaidi kwa anayekuuzia.

"Karata si mchezo, mchezo ni mbio na mpira"

Kiswahili hakijawahi kutenga hivyo. Bao ni mchezo, dhumna ni mchezo, kandanda ni mchezo. Hata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilizitambua shirikisho za dunia za chesi na bridge mwaka 1999, ijapokuwa haikuzipa nafasi kwenye ratiba ya Olimpiki. Sihitaji poka iitwe riadha. Ninachokataa ni lile linalofuata, kwamba anayecheza ameketi hahitaji mwili.

Mwaka 1984 Karpov na Kasparov walianza kugombea ubingwa wa dunia wa chesi mwezi wa Septemba. Februari ya mwaka uliofuata walikuwa bado wanacheza. Baada ya michezo 48 rais wa shirikisho aliisimamisha mechi, akitaja uchovu wa wachezaji. Wanaume wawili waliokuwa wamekaa vitini.

Hapa wengine huruka upande wa pili: "basi kufikiri kunachoma mafuta". Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na hula karibu asilimia 20 ya nguvu tunayotumia tukiwa tumetulia. Hiyo ni kweli. Ila ubongo hula hivyo hivyo uwe unapiga hesabu ngumu au unatazama bahari; tofauti ni ndogo sana. Mimi niliamini kinyume kwa miaka. Nikila viazi karai saa nane za usiku nikijiambia kichwa kimefanya kazi, na suruali zikawa zinanikataa moja moja.

(Mengine mawili niyapitie haraka kwa kuwa huulizwa kila siku. Mazoezi ya tumbo hukaza misuli ya tumbo, hayachagui kuondoa mafuta ya hapo. Na misuli haigeuki kuwa mafuta ukiacha mazoezi. Ni vitu viwili tofauti, kimoja kinapungua na kingine kinaongezeka.)

"Mkesha ndio usiku wa mchezaji"

Hii ndiyo dhana iliyonigharimu zaidi, na ushahidi wake niliupata kwenye daftari langu mwenyewe. Nilipolipitia la mwaka mmoja, hasara kubwa zilikuwa zimejikusanya mahali pamoja: baada ya saa sita za usiku, kiuno kinauma, miguu imevimba, ninaita dau (yaani naweka sawa na la mwenzangu) nisilopaswa kuita kwa sababu tu nimechoka kutupa karata.

Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Ukiamka saa moja asubuhi, saa 17 zinatimia saa sita kamili za usiku. Meza nyingi hapo ndipo zinapopamba moto. Kwa hiyo niliyejivunia kwamba sigusi pombe nilikuwa nikicheza nimelewa usingizi, dhidi ya watu walioamka adhuhuri.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kasi kunahesabika. Wale wanaovuka Likoni kwa miguu kila siku, wakishuka na kupanda ule mteremko wa feri, wako mbele kuliko wengi wanaolipia gym wasiende. Mimi hutembea Mama Ngina kabla jua halijapanda, dakika 40, siku tano. Yule kijana wa jaketi siku nyingine tunakuwa pamoja. Sasa anavaa fulana nyepesi, na chupa ya maji anakuja nayo mwenyewe.

Siku ya kucheza nalala mchana saa moja na nusu. Nakula wali na samaki mapema, jioni, nisiingie mezani na njaa. Kila saa nasimama, nanyoosha mgongo, natembea mpaka mlangoni na kurudi, hata kama karata ni nzuri. Na ikifika saa sita, iwe naongoza au nimebanwa, naandika kwenye daftari, nawaaga wenzangu na kuteremka barabarani kutafuta tuktuk.