CPU kupanda hakuongezi mashine kwenye klasta

Wengi huamini kuwa Cluster Autoscaler ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye klasta, yaani kundi la mashine) huleta nodi, yaani mashine, mpya CPU ikielemewa. Sivyo. Huangalia podi (vifurushi vya programu) zilizokwama kwenye Pending, yaani zinazosubiri, kwa kukosa nafasi, na nafasi huhesabiwa kwa `requests` (kiasi cha CPU na kumbukumbu unachoombea kila podi) ulizoandika, si kwa matumizi halisi.

Chukua nodi ya e2-standard-4 kwenye GKE, huduma ya Kubernetes ya Google: ina 3920m za kugawa (1000m ni CPU moja). Podi 20 zilizoomba 100m kila moja zinaenea humo. Zote zikichapa kazi, nodi inazidiwa na hakuna msaada unaokuja. Kinachoumiza mfuko ni kinyume chake: podi inayotumia 50m ikiombewa CPU 2, ya pili yake haiingii, unalipia nodi nyingine. Endesha `kubectl top pod` saa za kazi nyingi uone matumizi halisi, kisha rekebisha `requests`.